Kutwa Mara Tatu, na Usiku Je? Istilahi za Saa ya Mwili katika Tiba ya Baridi Yabisi

1. Utangulizi

Miongoni mwa istilahi za tiba zilizoenea nchini, ni chache zilizozoeleka kuliko "kutwa mara tatu". Imeandikwa juu ya bahasha za vidonge kwa miaka mingi, nayo husomwa na kila mtu bila ya kuhitaji maelezo. Hata hivyo, tukiitazama kwa makini, tutaona kwamba istilahi hii ina mpaka wake. Kutwa ni mchana wote hadi jua kutua. Usiku wote hadi mapambazuko huitwa kucha. Kwa hiyo "kutwa mara tatu" yasema habari za mchana, nayo yanyamaza kuhusu usiku. Kwa maradhi mengi ukimya huo hauna madhara. Yako, lakini, maradhi ambayo moto wake huwaka usiku, na mojawapo ni lile ambalo Waswahili huliita baridi yabisi.

Hivi karibuni sehemu yetu ya istilahi ilipokea rasimu ya karatasi ya maelezo kwa wagonjwa wa baridi yabisi, iliyotafsiriwa kutoka Kiingereza, ili tuipitie kwa upande wa lugha. Karatasi ilisema kwamba kidonge kimezwe wakati wa kulala, nacho kitaanza kutoa dawa "saa 2 usiku". Tuliisoma, tukasahihisha alama za vituo na upatanisho wa vivumishi, tukaipitisha. Siku ya pili yake mmoja wetu akauliza: ni nani huyo ambaye saa 2 usiku amekwisha lala na dawa imekwisha kaa tumboni saa kadhaa? Waandishi wa Kiingereza walikusudia ile ambayo sisi twaiita saa 8 ya usiku. Kosa la saa 6 lilikuwa limepita mbele ya macho ya watu ambao kazi yao ni kuyaona makosa ya namna hiyo.

Kosa hilo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Tunakusudia kueleza, kwanza, majina ya ugonjwa wenyewe. Pili, kwa nini saa ya kumeza dawa ina uzito. Tatu, mitego iliyomo katika kuhesabu saa na siku. Na mwisho, istilahi tunazozipendekeza.

2. Majina ya ugonjwa

Maneno yote mawili, baridi na yabisi, yametoka katika Kiarabu, na yabisi maana yake ni kavu. Waganga wa kale wa Kiyunani na wa Kiarabu walifundisha kwamba kila maradhi yatokana na kuzidi kwa joto au baridi, umajimaji au ukavu. Kwa hiyo jina hili si jina tu, bali ni nadharia nzima ya tiba iliyohifadhiwa katika maneno mawili. Nadharia yenyewe imekwisha pitwa na wakati, lakini jina lingali linafundisha. Mtu akae kando ya ziwa, mikono yake iwe majini kila siku, kisha aambiwe ana baridi yabisi: atafikiri nini ila kwamba maji na upepo ndivyo vilivyomwuguza?

Tatizo la pili ni kwamba jina hili moja limebeba maradhi matatu. Liko jongo, ambalo husababishwa na chembe za asidi ya yuriki kuganda katika kiungo. Uko uchakavu wa viungo, ambao huja hasa kwa umri na mizigo. Na uko ugonjwa ambao kinga ya mwili huasi, ikashambulia utando wa ndani wa viungo vya mwili wake yenyewe. Huu wa tatu ndio aliotofautisha kwa jina tabibu Mwingereza Alfred Garrod mwaka 1859, na ndio tunaouzungumzia hapa. Tutauita baridi yabisi ya kinga. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa nao, na kati ya kila 10 takriban 7 walikuwa wanawake.

Kutofautisha majina si anasa ya wanalugha. Mwenye uchakavu wa viungo hujinyoosha asubuhi kwa dakika chache akaendelea na kazi. Mwenye baridi yabisi ya kinga hukaa saa nzima au zaidi kabla vidole havijakubali kushika kikombe. Vigezo vya utambuzi vilivyotolewa na matabibu wa Marekani mwaka 1987 viliitaja hali hiyo ya asubuhi, nao wakaweka kipimo chake kuwa saa 1 au zaidi. Vigezo vilivyofuata mwaka 2010 havikuitaja tena, lakini matabibu bado huiuliza. Sasa swali hilo liulizwe kwa neno gani? Wafasiri wengine huandika "ukakamavu wa asubuhi". Neno lenyewe limetokana na kitenzi kukakamaa, na kwa asili si kosa. Lakini ukakamavu wa leo ni sifa: kijana mkakamavu ni shupavu, mwenye afya, asiyechoka. Mgonjwa akiulizwa kama ana ukakamavu wa asubuhi, aweza kujibu kwa huzuni kwamba alikuwa nao zamani. Kwa sababu hiyo twapendelea mkakamao wa asubuhi, ambalo bado ni jina la tendo, wala halijageuka kuwa sifa.

Neno uvimbe nalo lina taabu yake. Dawa za kundi la aspirini, ibuprofeni na diklofenaki huitwa "dawa za kupunguza uvimbe". Lakini uvimbe ni wa namna nyingi. Hata ule unaoota katika kizazi cha mwanamke huitwa hivyo hivyo. Mama akipewa dawa ya kupunguza uvimbe kwa ajili ya vidole, asilaumiwe akidhani kwamba itamtibu na tumbo. Tunalohitaji ni neno la ile hali ya kiungo kuvimba, kuwa chekundu, kuwa na joto, kuuma, na kushindwa kazi. Mwako lingefaa, ila wanakemia wamekwisha litwaa kwa maana ya kuungua kwa vitu. Twapendekeza uvimbemoto, neno ambalo msikilizaji aweza kulifahamu kwa kugusa goti lake.

3. Saa ya mwili

Ndani ya ubongo, juu kidogo ya mahali ambapo mishipa ya macho hukutana, kuna kikundi cha seli zipatazo 20,000 ambazo kazi yake ni kuhesabu siku. Hupokea habari za mwanga kutoka machoni, kisha hupitisha amri kwa mwili mzima: sasa joto lipande, sasa usingizi uje, sasa homoni fulani imwagwe. Jeni zinazoiendesha saa hiyo zilichunguzwa kwanza katika inzi wa matunda, na wataalamu watatu wa Marekani, Jeffrey Hall, Michael Rosbash na Michael Young, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kazi hiyo. Saa hii si ile ya ukutani. Jua huchomoza Mwanza takriban dakika 25 baada ya kuchomoza Dar es Salaam, kwa kuwa Mwanza iko magharibi zaidi. Saa za ukutani katika miji hiyo miwili zasema mamoja, lakini macho ya watu wake hayaoni mamoja.

Sasa tutazame usiku wa mgonjwa. Juu ya figo zimekaa tezi za adrenali, nazo hutoa homoni iitwayo kotisoli, ambayo ni dawa ya mwili wenyewe ya kutuliza uvimbemoto. Kotisoli hushuka kabisa karibu na saa 6 usiku, kisha huanza kupanda usiku wa manane hata ikafikia kilele wakati wa kuamka. Kwa mwenye baridi yabisi ya kinga, kemikali za kinga ziitwazo saitokini nazo hupanda katika saa za mwisho wa usiku, na kotisoli yake haitoshi kuzizuia. Ndiyo maana alfajiri humkuta vidole vimekakamaa. Kidonge anachokimeza saa 2 asubuhi baada ya chai kimefika wakati nyumba imekwisha ungua.

Mwaka 1948 Philip Hench na wenzake, katika kliniki ya Mayo huko Marekani, walimdunga mgonjwa wa maradhi haya homoni ya jamii ya kotisoli, naye akainuka. Tuzo ya Nobel ilifuata mwaka 1950. Lakini ilichukua miaka mingi kabla ya swali la saa kupewa uzito. Mwaka 1997 matabibu wa Uswidi waliwagawa wagonjwa 26: wengine walipewa prednisoloni kidogo saa 8 usiku, na wengine kiasi hicho hicho saa 1 na nusu asubuhi. Waliopewa usiku wa manane walipata nafuu kubwa zaidi ya maumivu na mkakamao. Hata hivyo ni nani atakayeamka saa 8 kila usiku ili ameze kidonge? Ndipo kilipobuniwa kidonge chenye ganda, ambacho humezwa wakati wa kulala baada ya chakula, kikatulia tumboni kwa muda wa saa 4 hivi, kisha kikafunguka. Jaribio la wagonjwa 288 lililotangazwa mwaka 2008 lilionyesha kwamba waliokitumia walipunguziwa mkakamao wa asubuhi kwa wastani wa dakika 44, na tofauti baina yao na waliomeza dawa ya kawaida asubuhi ilikadiriwa kuwa dakika 29 hivi. Tuseme kweli yote: vipimo vingine vya ugonjwa havikutofautiana sana. Lakini mtu anayejua thamani ya nusu saa ya alfajiri hataidharau faida hiyo.

Dawa za kundi la ibuprofeni na diklofenaki hufuata kanuni hiyo hiyo kwa kadiri fulani. Zile zidumuzo mwilini kwa muda mrefu, zikimezwa pamoja na chakula cha jioni, huweza kumfikisha mgonjwa asubuhi akiwa na nafuu. Lakini zina madhara kwa tumbo na figo, kwa hiyo saa yake na kiasi chake ni juu ya tabibu kuamua.

4. Mitego ya kuhesabu

Saa zetu twazihesabu tangu macheo na tangu machweo, na hesabu hii haina kasoro kwa watu wa nchi za ikweta. Mtego uko katika kuvuka kutoka hesabu moja hadi nyingine. Saa 10 za usiku za Kiingereza ni saa 4 zetu. Mfasiri akiacha tarakimu ilivyo, mgonjwa atangoja hata saa 10 alfajiri. Saa 2 za Kiingereza ni saa 8 zetu, na hapo ndipo tulipojikwaa sisi wenyewe. La kupendeza ni kwamba lugha yetu ilikuwa na dawa ya kosa hilo. Saa 8 ya usiku ndiyo usiku wa manane, na sikio lolote husikia nane ndani ya manane. Karatasi ikisema "saa 8, usiku wa manane", hapana msomaji atakayeichanganya na saa ya kula chakula cha jioni.

Mtego wa pili ni "kila saa 8". Je, ni kila zipitapo saa 8, au ni kila ifikapo saa 8 mchana? Hata "kila baada ya saa 8" haiondoi shaka. Watu wa mitaani wamejitatulia: husema saa nane kwa wakati, na masaa nane kwa muda. Sarufi sanifu hailikubali umbo la masaa, wala hatuna nia ya kuliingiza kwa mlango wa nyuma. Lakini yatupasa tukiri kwamba waliolibuni walikuwa wanatafuta tofauti ambayo sisi hatukuwapa. Jawabu lililo salama zaidi ni kuzitaja saa zenyewe: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku.

Mtego wa tatu ni wa siku. Kwa hesabu ya kale ya pwani siku huanza jua likitua, kwa hiyo "usiku wa Jumatano" kwa mzee wa Bagamoyo ni usiku ule unaotangulia Jumatano. Kwa kijana wa mjini ni usiku unaoifuata. Tofauti hii yaweza kuwa ya hatari, kwa kuwa iko dawa ya baridi yabisi ya kinga, methotreksati, ambayo humezwa mara moja tu kwa wiki. Ikimezwa kila siku kwa makosa, yaweza kuua. Na makosa hayo yamekwisha tokea katika nchi zenye hospitali kubwa na karatasi zilizoandikwa vizuri. Kwa dawa ya namna hii haitoshi kuandika "kwa wiki mara moja". Itajwe siku, na ikiwa ni usiku iandikwe "usiku wa kuamkia Jumatano", ambao ni msemo wa zamani usio na utata.

5. Usiku upi?

Karatasi ilipokwisha sahihishwa tuliichukua hadi Igogo, kata ya Jiji la Mwanza iliyo katika Wilaya ya Nyamagana, ambako nyumba zimepanda juu ya mawe ya vilima na bandari ya Mwanza Kusini iko chini ufukweni. Tulitaka isikilizwe na watu wasiokuwa wanalugha.

Mama mmoja mwanika dagaa, tulipomwuliza kuhusu mkakamao wa asubuhi, alitutazama kidogo, kisha akasema: "Mimi naamka saa 11, wanangu. Vidole vyangu huamka saa 2." Tuliandika maneno yake mara moja. Katika sentensi mbili fupi alikuwa ametoa fasili iliyo bora kuliko ile tuliyokwenda nayo, pamoja na kipimo cha saa 3 ambacho tabibu angekihitaji.

Mzee mmoja mvuvi alitutia katika mtihani mkubwa zaidi. Tulimwamkia, tukamsomea: "Meza kidonge usiku, kabla ya kulala." Akauliza: "Usiku upi? Wangu au wenu?" Uvuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria ni kazi ya usiku wa giza. Taa huwashwa juu ya maji, zamani karabai na siku hizi zaidi taa za betri na za umeme wa jua, nao dagaa huzifuata. Mvuvi hurudi alfajiri, akalala mchana. Mwezi ukikaribia kuwa mpevu taa hazina nguvu tena mbele ya mbalamwezi, basi hupumzika, akalala usiku kama watu wengine. Kwa mtu huyu "usiku" na "kabla ya kulala" ni nyakati mbili mbalimbali kwa sehemu kubwa ya mwezi, na sentensi yetu ilimwamuru afanye mambo mawili yasiyopatana.

Wala si lugha pekee iliyoshindwa hapo. Majaribio tuliyoyataja juu yalifanywa kwa kufuata usiku wa mtu anayelala usiku. Saa ya mwili haigeuki mara moja mtu abadilipo zamu. Husogea polepole, siku baada ya siku, na mwenye kubadili zamu kila mwezi huenda asiwahi kutulia. Kwa hiyo karatasi haiwezi kumwamulia mvuvi. Iwezalo kufanya ni kumwelekeza tabibu aulize kwanza: "Hulala saa ngapi, na huamka saa ngapi?" Tumeiongeza sentensi hiyo mwanzoni mwa karatasi, nasi twaiona kuwa ndiyo tafsiri muhimu kuliko zote, ingawa katika Kiingereza haikuwamo.

6. Istilahi zinazopendekezwa

Kwa kufuata kanuni ya kutumia kwanza mali iliyomo katika lugha yenyewe, twapendekeza zifuatazo:

Saa ya mwili: mfumo wa ndani unaopanga shughuli za mwili kwa kufuata mchana na usiku.

Mzunguko wa kutwa-kucha: mabadiliko ya mwili yanayojirudia kila zipitapo saa 24. Maneno mawili ya kale yakiungana hukamilisha siku nzima.

Tiba-majira: kupanga saa ya kutoa dawa kwa kufuata saa ya mwili. Tumekataa "tiba kwa wakati", kwa kuwa maana yake imekwisha kuwa tiba isiyochelewa. Majira ni neno la saa tangu zamani: kuitia saa majira ni kuirekebisha ili iseme kweli.

Baridi yabisi ya kinga: ugonjwa wa viungo unaotokana na kinga ya mwili kuushambulia mwili wenyewe, si jongo, wala si uchakavu wa viungo.

Uvimbemoto: kuvimba kwa sehemu ya mwili pamoja na wekundu, joto, maumivu na kushindwa kazi.

Mkakamao wa asubuhi: kukaza kwa viungo baada ya kuamka, ambako hupimwa kwa muda unaopita kabla havijalegea.

Kidonge subirishi: kidonge ambacho hakitoi dawa hata upite muda uliowekwa, kisha hutoa yote. Kitofautishwe na kidonge polepole, ambacho huanza mapema na kutoa kidogo kidogo. Vyote viwili visisagwe wala kutafunwa, kwani ganda au umbo lake ndilo saa yake.

7. Hitimisho

Hatusemi kwamba "kutwa mara tatu" iondolewe. Imewahudumia wananchi vizuri, nayo itaendelea kufaa kwa dawa nyingi. Tunalosema ni kwamba elimu ya tiba sasa imeingia usiku, na lugha haina budi kuifuata huko. Njiani itakuta kwamba vifaa vyake viko tayari: kucha, manane, majogoo, alfajiri, usiku wa kuamkia. Mswahili aliugawa usiku vipande vipande kabla ya daktari kuhitaji vipande hivyo.

Wasomaji wenye baridi yabisi wasibadili saa ya dawa zao kwa sababu ya makala haya, wala wasiache ghafla dawa za jamii ya prednisoloni, jambo ambalo lina hatari kubwa. Bali waende kwa matabibu wao wakiwa na swali. Na wasomaji walio waganga, wauguzi na wauza dawa twawaomba watuletee maneno wanayoyasikia kwa wagonjwa wao, hasa yale yanayotofautiana na yetu. Mama wa Igogo alitupa fasili katika muda usiozidi dakika moja. Hapana shaka kwamba wako wengine wengi ambao bado hatujawauliza.